Somo: Mwalimu mkuu, andika kazi yako ili wakuu wenzako wakujibu

Wakuu, habari za kazi.

Mwalimu wa darasa akikwama kwenye sehemu za hesabu, anavuka korido anamuuliza mwenzake. Mwalimu mkuu hana korido ya kuvuka. Ndani ya geti wote ni watu anaowaongoza, na nje ya geti wanaokuja na gari au pikipiki ni watu wanaomsimamia. Makamu atakusikiliza vizuri tu, lakini kesho ndiye unayempangia zamu. Afisa Elimu Kata anaweza kuwa mtu mwema kabisa, ila ndiye anayekutathmini.

Wanaoijua kazi yako wapo, humu humu mkoani Kigoma. Mmoja yupo Mwamgongo, mwingine Nguruka, mwingine Heru Juu, mwingine Mabamba. Mnakutana kwenye kikao cha TAPSHA, umoja wa walimu wakuu wa shule za msingi, au TAHOSSA kwa wakuu wa sekondari, mnasikiliza maelekezo, mnakula, kila mtu anawahi usafiri. Somo hili ni la namna ya kuwafikia wenzako hao kwa maandishi, ukiwa umekaa hapo hapo ofisini kwako.

Kabla ya hatua, jambo moja. Kuandika tunaandika sana. Ripoti ya mwezi, ripoti ya robo, majibu ya barua "haraka sana". Tatizo ni kwamba ripoti tunaiandika ili asiwepo wa kuuliza swali. Andiko la kwa wenzako linafanya kazi kinyume chake: unaliandika ili uulizwe. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

HATUA YA 1: Daftari lako mwenyewe

Kitabu cha matukio cha shule kipo, na kibaki kilivyo, maana hicho ni cha ofisi. Wewe nunua daftari la kawaida la kurasa 96. Kila siku kabla hujafunga ofisi, andika mistari miwili au mitatu: nini kimenishangaza leo, na nini nimeamua. Tarehe iwepo, na namba iwepo kama ipo. Usiandike insha.

HATUA YA 2: Chagua jambo dogo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anaanza na "Utoro katika shule za msingi nchini Tanzania". Hilo ni la wizara, muachie waziri. Lako ni "Darasa la nne, Jumanne za giza", yaani za wiki zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa usiku. Jambo likiwa dogo kiasi kwamba unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole, limefaa.

HATUA YA 3: Liandike kwa vitu vinne

Nilichoona. Nilichofanya. Kilichotokea. Nisichokijua bado. Basi. Maneno 200 mpaka 400 yanatosha, na cha nne ndicho chenye thamani kuliko vyote, ingawa ndicho tunachokikwepa kwa sababu tumezoea kwamba mkuu lazima awe na jibu.

Nitoe mfano. Tuseme ni shule ya mwambao wa ziwa. Namba nimezitunga ili tuelewane. Kwenye ripoti utakuta hivi:

"Shule inaendelea kukabiliana na changamoto ya utoro kwa kushirikiana na wadau mbalimbali."

Sentensi hiyo unaweza kuipeleka Kibondo, Urambo au Masasi na isibadilike herufi. Sasa jambo lile lile likiandikwa kwa wenzako:

"Darasa la nne lina watoto 62. Wiki za mbalamwezi wanakuja 57, 58. Wiki ya giza, Jumanne, walikuja 41. Mwalimu wa darasa alinipa orodha, wengi wanatoka kitongoji kilicho jirani na mwalo wa kushushia samaki. Nikaenda mwaloni saa moja na nusu asubuhi. Nilikuta watoto wanaanika dagaa kwenye vichanja, malipo yao ni bakuli la dagaa la kupeleka nyumbani. Nikaongea na mwenyekiti wa kitongoji na kina mama wenye vichanja, tukakubaliana watoto waachiwe kabla ya saa mbili. Wiki ya giza iliyofuata walikuja 49. Lakini nusu ya walioongezeka wanafika kipindi cha pili kimeshaanza, na wanasinzia. Sasa hapa nimekwama. Niwaandike watoro, niwapokee tu, au nihamishe hesabu niiweke saa nne? Wenzangu wa mwambao mnafanyaje?"

Angalia mwalimu mkuu wa Uvinza atakavyolisoma hilo. Hawezi kunyamaza. Atakuambia kwake wanafanyaje, au atakuuliza mbona hukuzungumza na wenye mitumbwi. Ile sentensi ya ripoti hakuna anayeweza kuijibu, labda kwa kupiga muhuri.

Na tazama faida ya daftari la hatua ya kwanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mkuu wa mwambao aliyekuwa na namba zake za giza na mbalamwezi, ukiondoa likizo ya katikati ya mwaka, alikuwa na kipimo cha bure: je, watoto walirudi darasani ziwa lilipofungwa, au walikuwa na sababu nyingine kabisa? Asiye na daftari alibaki na hisia tu.

HATUA YA 4: Ondoa watu

Hakuna jina la mtoto, la mzazi, wala la mwalimu. Hakuna picha ya sura ya mtoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na humo taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini hata sheria isingekuwepo, kijijini kufuta jina peke yake hakusaidii. Ukiandika "mwanafunzi wa kike wa darasa la sita anayetumia kiti cha magurudumu", na shule nzima ina mmoja, umeshamtaja. Badilisha, au acha.

Mambo ya nidhamu ya watumishi, fedha zilizo kwenye ukaguzi na mitihani usiyaguse kabisa. Hayo yana njia zake.

HATUA YA 5: Tafuta watu watano au sita

Kundi la WhatsApp la kata halifai kwa kazi hii. Limejaa matangazo ya vikao, misiba na "tuma takwimu kabla ya saa sita". Chagua wakuu wachache mnaoheshimiana, na wasiwe wote wa aina moja: wawili wa mwambao, wawili wa milimani kule Buhigwe au Kasulu, mmoja wa njia ya reli. Mliosoma pamoja kozi ya uongozi ya ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ni pa kuanzia pazuri, maana mlishaonana mkiwa nje ya vituo vyenu.

Kila wiki mmoja anaandika, wengine wanajibu. Na hapa kuwe na sheria moja ngumu: ni marufuku kujibu "Hongera sana kiongozi" halafu ukanyamaza. Nasema marufuku kwa sababu nalijua kabila letu la wakuu. Tukisomewa jambo la mtu, tunampongeza, tunaweka mikono mitatu ya makofi, na mwandishi anabaki na swali lake. Anayejibu aeleze alichofanya yeye, au aulize kitu kimoja mahususi.

HATUA YA 6: Rudi

Baada ya mwezi andika tena, mistari mitano tu: nilijaribu ushauri wa nani, kimetokea nini. Wengi hawarudi, na kundi linakufa kwa hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kakonko: Mkuu shikamoo. Somo zuri ila muda sina. Nina vipindi darasa la saba, nina mafundi wa vyoo, nina PEPMIS (ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi), na mtandao hapa unakamata ukisimama chini ya mwembe. Nitaandika saa ngapi?

Jibu: Marahaba. Hujaambiwa uandike kila siku. Mkiwa sita, zamu yako inarudi baada ya wiki sita. Daftari ni dakika tatu. Siku ya zamu, kama vidole vimechoka, simulia kwa sauti kwenye simu ukiwa njiani kurudi nyumbani, kisha usiku isikilize uandike. Utashangaa, ukisimulia unasema "nikaenda mwaloni", ukikaa mezani unaandika "hatua stahiki zilichukuliwa". Lishike lile la kwanza. Mwembe hauna shida, maandishi matupu yanapita hata mtandao ukiwa dhaifu. Picha na video ndizo zinazogoma.

Mwanachama, Uvinza: Nikiandika kwamba watoto 21 hawakuja, na andiko likamfikia Afisa Elimu, si nitakuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu?

Jibu: Hofu hiyo ni ya haki, siwezi kukudanganya kwamba haina msingi. Lakini jiulize: namba hiyo si ipo kwenye daftari la mahudhurio ambalo mdhibiti ubora akija analifungua? Usiandike kwa wenzako kitu ambacho kwenye ripoti umekiandika tofauti. Hapo ndipo mtu anapoungua. Namba zikilingana pande zote, andiko lako linaonyesha mkuu aliyeamka saa moja akaenda mwaloni. Pili, mwambie Afisa Elimu Kata mapema kwamba mna kundi la kusomeshana. Usimwombe aingie, mjulishe tu. Wengi watafurahi. Wa kwako akisema hapana, basi heshimu, mzungumze mdomo kwa mdomo mpaka atakapoelewa.

Mwanachama, Buhigwe: Mbona tayari tuna Jumuiya za Ujifunzaji za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini? Hii si kazi juu ya kazi?

Jibu: Jumuiya ya shuleni ni ya walimu na masomo yao, na ni nzuri. Ila wewe ukikaa pale unakaa kama mkuu. Hakuna siku utasema mbele ya walimu wako, "Jamani, sijui niwafanyeje nyinyi mnaochelewa." Kwa wenzako wa Kibondo utasema.

Mwanachama, Kaliua (Tabora): Sisi hatuna ziwa, tuna tumbaku. Mtoto anapotea wakati wa kuvuna na kukausha, familia nzima ipo kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Tunaruhusiwa kuingia au hili ni la watu wa Kigoma?

Jibu: Karibu sana, na nakuomba uanze wewe. Giza linakuja kila mwezi na kuondoka, tumbaku inamchukua mtoto kwa wiki mfululizo. Mwalimu wa mwambao anatafuta namna ya kufidia siku chache, wewe muhula umekukatika katikati. Tungependa kujua mtoto akirudi unamrudisha wapi: anaendelea na wenzake walipofika, au kuna mwalimu anakaa naye jioni? Na huyo mwalimu unampa nini?

Mwanachama, Kigoma Ujiji: Naweza kuyaweka maandiko haya hadharani mtandaoni watu wote wasome?

Jibu: Baadaye. Kwanza pata mwaka mmoja wa majibu ya wenzako. Ukifika huko, soma masharti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuhusu maudhui ya mtandaoni, na omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, kwa kuwa hadharani unasomeka kama mtumishi wa umma hata ukisema ni maoni yako binafsi.

Mwanachama, Kaliua: Nimeelewa mkuu. Huyo mwalimu wa jioni tunampa unga na maharage kutoka kwa wazazi, na mwaka huu wawili wamegoma. Nitaandika Ijumaa.

Jibu: Andika hilo la kugoma. Tunasubiri Ijumaa.