Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufundisha Mabepari wa Venisi Darasani

Mwalimu anayejiandaa kufundisha tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua tangu 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, anakabiliwa na ugumu ambao andalio la somo la kawaida haliuoni. Tamthilia hii iliwekwa miongoni mwa komedia katika mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare uliochapishwa London mwaka 1623, na kweli ina kila kinachotarajiwa katika komedia: wapenzi, mavazi ya kujibadili, vitendawili, pete na ndoa tatu. Hata hivyo furaha hiyo yote inafika mwisho wake baada ya mtu mmoja, Shylock, Myahudi anayekopesha fedha, kuondoka mahakamani akiwa hana binti, nusu ya mali yake imo mikononi mwa hasimu wake, na ameamriwa aiache dini ya wazee wake. Mara ya kwanza nilipoifundisha, darasa zima lilipiga makofi hukumu ilipotolewa, kengele ikalia, na mimi sikuwa nimeandaa hata swali moja la kuwauliza walikuwa wanamshangilia nani na kwa sababu gani. Haya ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningependa kuwa nimeyafanya kabla ya siku ile.

La kwanza ni kuisoma tamthilia yote mwenyewe, kwa sauti inapowezekana, bila kutegemea muhtasari. Ina matendo matano yenye jumla ya maonyesho 20, na mwalimu akiyahesabu atagundua jambo ambalo kumbukumbu humficha: Shylock, ambaye watu wengi hudhani ndiye mfanyabiashara anayetajwa katika jina la tamthilia, anatokea katika maonyesho matano tu. Mfanyabiashara mwenyewe ni Antonio, aliyekopa fedha kwa Shylock ili kumsaidia rafiki yake Bassanio, akaweka dhamana ya ratili moja ya nyama ya mwili wake endapo atashindwa kulipa. Katika usomaji huo wa kwanza ni vyema kuweka alama pembeni mwa ukurasa kila mahali ambapo watazamaji wa wakati ule walitegemewa kucheka, kisha alama nyingine mahali ambapo wanafunzi wako mwenyewe, unaowajua kwa majina na kwa tabia, huenda wakacheka au wakanyamaza. Alama hizo mbili hazitalingana, na pale zinapoachana ndipo somo lilipo. Aidha, onyesho la mahakama ni refu mno kwa kipindi kimoja cha dakika 40 ikiwa wanafunzi watasoma na pia kujadili, hivyo vipindi viwili mfululizo viombwe mapema katika ratiba, kwa sababu kulikata onyesho hilo katikati, kisu kikiwa kimenolewa na hukumu haijatoka, ni kuivunja taharuki ambayo mwandishi aliijenga kwa matendo matatu.

La pili, nalo linahitaji muda mwingi zaidi kuliko mengine yote, ni historia. Wanafunzi hawawezi kuachwa wadhani kwamba chuki dhidi ya Shylock inatokana na tabia yake tu. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza, na hawakuanza kuishi huko tena waziwazi mpaka miaka ya 1650. Maana yake ni kwamba wengi wa watu waliojaa ukumbini kuitazama tamthilia hii katika miaka ya 1590 walikuwa wakimwona Myahudi wa hadithi na mahubiri, si jirani yao. Miaka michache kabla tamthilia haijaandikishwa kwa ajili ya kuchapwa mnamo 1598, daktari wa Malkia Elizabeth, Roderigo Lopez, ambaye alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alinyongwa mwaka 1594 kwa tuhuma za kutaka kumwekea malkia sumu. Huko Venisi kwenyewe, Wayahudi walitengewa mwaka 1516 mtaa wao uliofungwa malango usiku, na jina la mtaa ule, ghetto, ndilo lililoenea duniani kuitwa kila mtaa wa watu waliotengwa. Shughuli nyingi walizuiwa, kukopesha fedha wakaruhusiwa, kisha wakachukiwa kwa sababu ya kukopesha fedha. Mwalimu akilieleza hilo taratibu, hata kwa kuchora ubaoni mji wa maji na malango yake, mazungumzo ya Shylock na Antonio katika onyesho la tatu la tendo la kwanza yatasikika kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa humo Shylock anamkumbusha Antonio kwamba alimtemea mate na kumwita mbwa, na Antonio hakanushi wala haombi radhi, bali anasema huenda akafanya vivyo hivyo tena.

Hapa pana jambo la kwetu la kulitarajia. Neno riba si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Wengi wamelisikia msikitini, kanisani au kwenye vikundi vya kukopeshana, na wengi wanajua kuwa ni haramu au ni dhuluma. Wakisikia kwamba Antonio hukopesha bila riba, watamwegemea mara moja. Mwalimu asiwakataze, ila awe tayari na maelezo kwamba Uingereza yenyewe ya wakati ule ilikuwa na sheria ya 1571 iliyovumilia riba isiyozidi asilimia 10, na kwamba baba yake Shakespeare, John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kutoza riba kubwa. Ukopeshaji ulikuwa umejaa katika maisha ya Wakristo walewale walioketi kumzomea Shylock. Na kwa wanafunzi wa pwani, habari ya tajiri ambaye mali yake yote iko baharini, naye anaingia deni akitegemea merikebu zitarudi, haihitaji tafsiri: Unguja ya karne ya 19 iliishi kwa mikopo ya namna hiyo, na misafara ya Tippu Tip kwenda bara iligharimiwa kwa fedha za Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja. Mfano huo usaidie kuonyesha jinsi mkopo, dhamana na bahati ya safari vilivyofungamana, lakini mwalimu ajihadhari usigeuke kuwa mlango wa kuwasema vibaya wafanyabiashara wa jamii fulani waliopo mtaani leo. Wanafunzi watalijaribu hilo, pengine bila nia mbaya. Ni afadhali mwalimu aamue mapema atajibu nini, kuliko kutafuta maneno darasa likiwa limekwisha kucheka. Vivyo hivyo kwa mijadala ya siasa za Mashariki ya Kati za siku hizi: ikiibuka, isikilizwe kwa heshima, kisha darasa lirudishwe kwa mtu huyu mmoja wa Venisi na maneno yake, kwa sababu kumfanya awawakilishe watu wote wa dini yake ndilo kosa lilelile walilolifanya waliomtemea mate.

Kuna hotuba moja ya Shylock ambayo vitabu vya mazoezi hupenda kuiruka, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuandaliwa kwa uangalifu kuliko hata ile maarufu ya kuuliza kama Myahudi hana macho. Mbele ya Mtawala wa Venisi, Shylock anawaambia wakuu wa mji kwamba miongoni mwao wamo wenye watumwa waliowanunua, nao huwatumia kama punda, mbwa na nyumbu. Je, akiwaambia wawaachie huru na kuwaoza watoto wao, hawatajibu kwamba watumwa wale ni mali yao? Basi na ratili ya nyama anayoidai ameinunua kwa bei ghali, ni yake. Hakuna mtu yeyote mahakamani anayemjibu. Mwanafunzi anayejua kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 hatahitaji kuambiwa kuwa kimya kile kina uzito. Mwalimu ajiandae kulisimamisha darasa hapo, na asifanye haraka kwenda kwa Portia, mke wa Bassanio anayekuja mahakamani akijifanya mwanasheria, na hotuba yake ya rehema, kwa sababu rehema anayoihimiza Portia inaombwa katika mji ambao umeshindwa kujibu swali hilo, na Shylock naye, kwa upande wake, hakuliuliza kwa kuwahurumia watumwa bali kwa kutetea haki ya kumkata mtu.

Kuhusu lugha, mwalimu aamue mapema ni matini ipi itakayosomwa na itasomwaje. Tafsiri ya Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mwanasiasa, na ambaye tayari mwaka 1963 alikuwa ametoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, inafaa kuwekwa mezani hata pale mtihani unapotaka matini ya Kiingereza. Jina la tafsiri hiyo pekee linatosha kwa kipindi kizima. Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja. Kiswahili kimesema mabepari, wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Je, mabepari ni nani? Ni Shylock pekee, au ni pamoja na Antonio mwenye merikebu, na Bassanio anayekwenda kuposa kwa fedha za mkopo ili apate mke tajiri? Swali hilo likitolewa kabla ya kusoma, wanafunzi husoma wakiwa na kitu cha kutafuta.

Pia ni lazima kuwaeleza kuhusu ushairi wenyewe. Mwanafunzi aliyezoea tarbia, yenye mizani 16 katika kila mshororo na vina vya kati na vya mwisho, atautazama mstari wa Shakespeare na kusema huu si ushairi. Aelezwe kwamba mstari huo kwa kawaida una silabi kumi na mapigo matano yenye mkazo, bila kina, na asikilizishwe kabla ya kufafanuliwa. Kisha aonyeshwe kwamba si wote wanaosema kwa ushairi wakati wote: hotuba ya Shylock kuhusu macho, mikono na damu imeandikwa kwa nathari, ilhali ya Portia kuhusu rehema ni ya mistari, na darasa lijadili kwa nini iwe hivyo.

Masanduku matatu ya dhahabu, fedha na risasi, ambayo kila anayemposa Portia hana budi kuchagua moja, hayahitaji maandalizi mengi, kwa kuwa jamii yenye desturi ya kutega na kutegua vitendawili huyaelewa upesi, na wanafunzi hufurahi wakigundua kwamba maneno ya kuwa si vyote ving'aavyo ni dhahabu yamo ndani ya sanduku la kwanza. Lakini anayelifungua sanduku hilo ni Mwana wa Mfalme wa Moroko, ambaye neno lake la kwanza, katika onyesho la mapema zaidi, ni kumsihi Portia asimchukie kwa rangi ya ngozi yake, na aliposhindwa na kuondoka, Portia anatamani wote wa rangi ile wachague kama alivyochagua yeye. Darasa la vijana wa Kiafrika litalisikia hilo. Mwalimu asiwe wa kwanza kulisikia darasani.

Upande wa uigizaji, vifaa ni vichache: masanduku matatu ya karatasi, mizani ya dukani, pete mbili, na kipande cha mbao badala ya kisu. Wanafunzi wafahamishwe kwamba wanawake hawakuigiza katika majumba ya maonyesho ya Uingereza hadi mwaka 1660, hivyo Portia alikuwa mvulana aliyeigiza mwanamke aliyejifanya mwanamume mwanasheria, na kwamba sehemu kubwa ya mzaha wa pete ilitegemea hilo. Katika kugawa nafasi, Shylock asipewe mwanafunzi ambaye tayari hutaniwa na wenzake. Nafasi hiyo izunguke, kila onyesho kati ya yale matano lichukuliwe na mtu mwingine, ili asiwepo mmoja anayebaki na jina hilo uwanjani baada ya kengele. Ikiwa filamu ya 2004 ya Michael Radford, ambamo Al Pacino ni Shylock, itaonyeshwa, mwalimu aitazame yote peke yake kwanza, maana ina picha chache za utupu zisizofaa kwa madarasa ya chini. Inafaa pia kuwaambia wanafunzi wakubwa kwamba mwaka 1943 tamthilia hii ilichezwa Vienna chini ya Wanazi, Werner Krauss akiwa Shylock, kwa lengo la kuchochea chuki wakati Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakiuawa. Wajue kwamba maneno wanayoyashika mikononi yamewahi kutumiwa hivyo, na kwamba waigizaji wengine, tangu Edmund Kean mwaka 1814, waliyatumia kumfanya mtazamaji amhurumie mtu yuleyule.

Mwisho, tendo la tano litengewe kipindi chake kamili. Walimu wengi huliacha kwa sababu kesi imekwisha na mtihani hulitaja kwa nadra, na wanafunzi hubaki na hukumu bila karamu iliyofuata. Humo, chini ya mwezi wa Belmont, nyumbani kwa Portia, wapenzi wanataniana kuhusu pete, na Jessica, binti wa Shylock aliyetoroka kwa baba yake, anasema kwamba kila asikiapo muziki mtamu huwa hana furaha. Baada ya maneno hayo hasemi tena, hata anapoletewa hati ya mali ya baba yake. Mchague mapema mwanafunzi atakayekuwa Jessica, na umwombe abaki jukwaani mpaka mstari wa mwisho, amesimama kando ya wanaocheka, bila neno.