Mzigo wa Liverpool kwenda Belfast: amua kwanza utaishia wapi

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya (EU), ni Ireland Kaskazini tu iliyobaki kwenye soko la pamoja kwa upande wa bidhaa, huduma hazimo. Uskoti nayo iliomba nafasi yake mwaka 2016, ikakosa. Desemba 2024 wabunge wa Stormont (bunge la Ireland Kaskazini) walipitisha mpango huu uendelee miaka 4 zaidi, kura 48 kwa 36, kwa hiyo forodha ya baharini, kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, bado ipo na makaratasi yake ni juu ya mwenye mzigo.

Anza na msimbo wa ushuru wa bidhaa yako, kisha tazama kiwango cha EU. Kikiwa sifuri, kwa kawaida hudaiwi ushuru hata mzigo ukivuka hadi Dublin, Jamhuri ya Ireland, iliyo ndani ya EU. Kisipokuwa sifuri, forodha inauliza swali moja: bidhaa itaishia Ireland Kaskazini au inaweza kuingia EU?

Tuseme ni viatu vya ngozi vilivyotengenezwa China na kulipiwa ushuru England. Vikienda kuuzwa rejareja Derry, mji wa Ireland Kaskazini, havidaiwi tena ukiwa na kibali kinachoelezwa hapa chini. Vikienda ghala la jumla linalouzia pia wateja wa Dublin, na huwezi kuonyesha jozi zipi zinabaki, vyote vinatozwa ushuru wa EU, kwa viatu vingi vya ngozi asilimia 8. Kwamba ulishalipa England hakukusaidii.

Ili usitozwe, omba HMRC (mamlaka ya kodi na forodha ya Uingereza) kibali cha UKIMS, mpango wa bidhaa zinazobaki Uingereza, mapema, kabla mzigo haujapangiwa safari. Kibali kiwe cha mwagizaji aliyetajwa kwenye tamko la forodha, maana cha msafirishaji wake hakitambuliki. Hapa ndipo wengi wanapokwama: muuzaji wa Manchester ana kibali, lakini tamko limeandikwa jina la mnunuzi wa Belfast asiye nacho. Mwagizaji awe pia na namba ya EORI (ya kumtambulisha mfanyabiashara kwa forodha) inayoanza na XI.

Kwenye tamko weka misimbo miwili: NIDOM, kuonyesha mzigo unatoka upande wa pili wa Uingereza, na NIREM, kuonyesha unabaki. Ukisahau NIREM mfumo utakutoza kana kwamba mzigo unaelekea EU. Ukishatozwa, pesa zinaweza kudaiwa zirudi, mradi una ankara za mauzo ya mwisho, zitunze. Asiyejua kujaza matamko atumie Trader Support Service, huduma ya serikali ya kusaidia wafanyabiashara, ni bure. Dereva naye apewe namba ya GMR (ya kuonyesha matamko ya mzigo alioubeba) kabla ya kufika bandarini, la sivyo hapandi meli.

Ukisindika bidhaa badala ya kuziuza zilivyo, UKIMS inakubali kirahisi kama mauzo yako ya mwaka hayazidi pauni milioni 2. Juu ya hapo ni sekta chache tu, kama ujenzi na afya.

Nyama na maziwa ya rejareja yana mpango wake, NIRMS: cheti kimoja kwa shehena nzima, na kila pakiti ibandikwe "Not for EU".

Vifaa vya umeme na vichezeo vinahitaji alama ya CE, ya kuonyesha vinatimiza viwango vya EU. UKCA, alama ya Uingereza, pekee haitoshi. Kama kifaa kimekaguliwa na taasisi ya Uingereza, huongezwa alama ya UKNI, ya Ireland Kaskazini, kando ya CE, na kifaa chenye UKNI hakiuzwi EU. Kwa hiyo anayepanga kuuza Belfast na Dublin kwa pamoja akaguliwe na taasisi ya EU tangu mwanzo.