Kuandaa mmumunyo sanifu wa kaboneti ya sodiamu

Tunataka cm³ 250 (lita 0.25) za mmumunyo wenye moli 0.1 kwa lita; moli ni kipimo cha kiasi cha dutu. Moli moja ya Na₂CO₃ isiyo na maji ina gramu 106, na hapa tunahitaji moli 0.025, yaani gramu 2.65.

Soma lebo kabla ya kugusa mizani. Ikiwa imeandikwa Na₂CO₃·10H₂O, hizo ni fuwele zilizobeba maji, na moli yake ina gramu 286. Gramu 2.65 za fuwele hizo zitakupa moli 0.037 tu kwa lita, hata kama hatua nyingine zote umezifuata sawasawa. Unga usio na maji nao hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo uukaushe kwenye tanuri kwa karibu 270 °C kwa saa moja, kisha upoe ndani ya desiketa, chombo kinachofungwa kabisa chenye kikaushio ndani yake.

Usipoteze muda kuitafuta 2.65 kamili. Mizani ikisoma 2.68, andika hiyo hiyo: 2.68 ÷ 106 ÷ 0.25 ni moli 0.101 kwa lita. Mmumunyo ni sanifu kwa sababu ukolezi wake, yaani moli kwa lita, unajulikana, si kwa sababu namba ni ya mviringo.

Tia cm³ 100 hivi za maji yaliyokenekwa kwenye bika, nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimwaga maji juu ya unga, utashikana kuwa donge gumu. Bika litapata joto, kwani ioni zikizungukwa na molekyuli za maji hutoa nishati kuzidi iliyotumika kuzing'oa kwenye fuwele. Subiri ipoe kabisa. Flaski ya ujazo, ile yenye shingo ndefu na alama moja inayoonyesha cm³ 250, imepimwa kwa 20 °C. Ukijaza hadi alama kukiwa na joto, mmumunyo utasinyaa baadaye na ukolezi utazidi.

Mimina kwa faneli, kisha suuza bika, kijiti na faneli mara tatu, maji yote ya kusuuzia yaingie kwenye flaski. Ongeza maji hadi sentimita moja chini ya alama. Kuanzia hapo tumia kidondoshi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Maji hupanda kidogo kwenye kuta za shingo kwa sababu kioo huvuta molekyuli zake kwa nguvu, hivyo uso wake hubonyea katikati. Soma sehemu ya chini ya mbonyeo. Inua au inamisha kichwa mpaka alama ya mbele na ya nyuma zionekane mstari mmoja. Ukitazama kutoka juu, utaamini umefika kabla hujafika. Ukipitiliza, anza upya: kuchota kilichozidi ni kuchota chumvi pia.

Ziba, pindua juu chini mara 20, kila mara ukisubiri kiputo cha hewa kifike upande wa pili. Bila hivyo mmumunyo mzito hubaki chini. Baada ya kupindua, kimo kinaweza kuonekana kimeshuka chini ya alama kwa sababu matone yameganda shingoni na kwenye kizibo. Usiongeze maji.