Mnaokuja Italia: «domicilio» si «residenza»

Ndugu zangu, neno moja limenila miaka mitatu. Neno lenyewe ni domicilio.

Nilipopanga chumba, mwenye nyumba aliniambia, «Andika domicilio tu, hiyo residenza achana nayo.» Nikampigia shemeji wa Bujumbura, aliyesoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Akanihakikishia kuwa ni pale unapoishi, yatosha.

Shemeji hakunidanganya. Ufaransa ukidaiwa justificatif de domicile, unapeleka bili ya umeme yenye anwani yako, basi. Mhispania naye akikuuliza domicilio anataka kujua unakaa wapi. Wote wamelirithi neno hilo kwa Kilatini, domicilium, na ndani yake mna domus, nyumba. Ila Mwitaliano ameligawa. Kifungu cha 43 cha sheria yake ya madai kinasema domicilio ni penye shughuli na maslahi yako makuu; unapokaa siku zote panaitwa residenza. Ni vitu viwili!

Basi miaka mitatu nafanya kazi, nalipa kodi, na kwenye anagrafe, daftari la wakazi la manispaa, simo, kwa kuwa sikuandika residenza. Uraia kwa sisi tusio wa Umoja wa Ulaya unataka miaka 10 mfululizo ya ukaaji halali, na wanaihesabu kwa daftari hilo. Ile mitatu haikuhesabiwa. Waitaliano watakukaribisha mezani kama ndugu, lakini kwenye dirisha la ofisi jina lisiloandikwa halijawahi kuishi hapa. Naona ni ukatili, ila ndivyo ilivyo.

Narudia: usikubali domicilio peke yake. Mwenye nyumba akikataa, mkataba uliosajiliwa ndio kinga yako.

Nanyi wa nyumbani, mama mdogo hasa, msituambie tukachukue barua ya mjumbe. Huku hakuna mjumbe anayetujua.

Ili uandikishwe residenza, peleka pasipoti, kibali cha kuishi, codice fiscale (namba yako ya mlipakodi) na mkataba manispaa, ndani ya siku 20 tangu uhamie. Ukihama, tangaza upya. Ukihuisha kibali, una siku 60 za kuthibitisha anagrafe kwamba bado unakaa hapo. Usiziache zipite, watakufuta, na hesabu itakatika. Narudia, itakatika.

Kisha bandika jina lako kwenye kengele ya mlango leo hii, maana askari wa manispaa huja kuhakikisha unakaa hapo, na haji kwa miadi.