Somo: Kupima risasi katika maji kwa kihisi kidogo cha DNA

Risasi, ile metali nzito yenye sumu, ikiyeyuka majini haina rangi wala harufu, na mtoto hudhurika nayo muda mrefu kabla ya dalili kuonekana. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kutokana na sumu ya risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, wanalijua hilo kwa uchungu.

Kihisi chetu kimetokana na ugunduzi wa wanasayansi Ronald Breaker na Gerald Joyce wa mwaka 1994, yaani uzi wa DNA unaofanya kazi kama kimeng'enya (kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali) na kukata uzi mwingine risasi inapokuwapo. Chembe za dhahabu zilizofungamanishwa kwa nyuzi hizo huonekana za buluu. Nyuzi zikikatwa, chembe huachana na tone huwa jekundu.

Hatua ya 1. Suuza chupa ya plastiki kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupoozwa). Kinga maji ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu yamelala kwenye mabomba usiku kucha.

Hatua ya 2. Ukiwa umevaa glavu na miwani ya kinga, tia matone ya asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2, uache siku nzima ili risasi iliyoshika kwenye vumbi na kuta za chupa iachie. Kabla ya kupima, rudisha pH juu kwa bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) isiyo ya fosfeti, maana fosfeti huigandisha risasi na kihisi hakitaiona.

Hatua ya 3. Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke kamwe. Andaa vijaribio vitatu: maji yaliyokenekwa, sampuli yako, na sampuli ileile iliyoongezwa risasi ya mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ni kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Tia kihisi katika kila kimoja, kisha tazama rangi. Kijaribio cha tatu kisipobadilika rangi, kihisi hakiwezi kutoa hukumu juu ya maji hayo, hata sampuli ibaki buluu kiasi gani.

Hatua ya 4. Sampuli ikiwa nyekundu, acheni kuyanywa maji hayo na mpeleke sampuli maabara.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kisima chetu kiko karibu na bahari na maji yana chumvi. Kipimo kitafaa?*
Chumvi nyingi huzishikiza chembe za dhahabu zisiachane, kwa hiyo maji yenye sumu yanaweza kuonekana salama. Zimua sampuli kwa maji yaliyokenekwa, rudia hatua ya 3, na ukumbuke kwamba ukizimua mara tano, kiwango unachokitambua nacho hupanda mara tano.

*Je, tukichemsha maji risasi itatoka?*
Haitoki. Maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki, hivyo kila lita huwa na risasi nyingi zaidi.

*Naomba kujua kama kihisi hiki kinapima na zebaki ya wachimbaji wa dhahabu.*
Hapana, ndugu. Zebaki hupimwa kwa nyuzi nyingine za DNA zenye thimini (mojawapo ya besi nne zinazounda DNA) nyingi, kwa kuwa ioni ya zebaki hujipachika kati ya thimini mbili na kuziunganisha.