Kupanga matumbawe tangini: lipi likae karibu na lipi

Vipande vipya vya matumbawe vikiwekwa kwenye tangi la kioo la maji ya chumvi huonekana vimeachana vya kutosha. Kimoja cha ukubwa wa dole gumba kipo huku, kingine kule, katikati jiwe tupu. Matumbawe yakikua hupigania nafasi, na jiwe hilo tupu ndilo litakalogombewa, kwa hiyo lipange kwa kuangalia ukubwa wa baadaye.

Kabla ya yote, usivunje tumbawe baharini. Miamba ya Unguja na Pemba imeshapigwa na joto la bahari, mwaka 1998 na tena 2016, na kila kipande kilichobaki kina kazi yake. Tafuta vipande vilivyokuzwa tangini, vyenye karatasi zake. Matumbawe magumu yote ya mwamba yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali.

Hatua ya 1: Jua silaha ya kila moja

Hapa usiwe na haraka, maana makosa mengi huanzia hapa. Tumbawe aina ya Galaxea mchana ni mpole, vinyota vidogo vya kijani. Usiku hutoa minyiri myembamba yenye sumu, inayoweza kufika sentimita 20 na zaidi. Aina ya Euphyllia nayo huuma kwa minyiri yenye sumu, hata mchana. Matumbawe mengi ya ubongo hayahitaji minyiri: hutoa nyuzi za tumboni na kummeng'enya jirani palepale alipo, na kazi hiyo huchukua saa chache tu.

Aina ya Acropora hushinda kwa mbio. Hukua upesi, ikatandaza matawi na kumziba jirani mwanga, na mwani unaoishi ndani ya nyama ya jirani huyo hauwezi kumlisha gizani. Ukiogelea kwa miwani kwenye mwamba wa Chumbe, uliohifadhiwa rasmi tangu 1994, tazama chini ya zile Acropora zilizotanda kama meza uone kivuli chake.

Matumbawe laini, kama Sinularia na Sarcophyton, hupigana kwa kemikali. Baharini maji kujaa na kupwa huzichukua. Tangini huzunguka humo humo. Ukiyachanganya na magumu, weka mkaa maalumu wa kuchujia, ubadilishe mara kwa mara, na ubadilishe sehemu ya maji kila wiki. Kuyatenga mbali peke yake hakusaidii.

Hatua ya 2: Yapange bila gundi

Yaegeshe tu kwanza. Saa mbili hivi baada ya kuzima taa, mulika kwa tochi yenye mwanga mwekundu na upime minyiri imefika wapi. Rudia kwa wiki kadhaa, kwani minyiri ya vita huweza kuota baada ya tumbawe kumhisi jirani.

Hatua ya 3: Fuata mkondo

Minyiri hulala upande maji yanakokwenda. Wakali waweke mwisho wa mkondo, wapole nyuma yao karibu na pampu. Ukihamisha pampu, kagua upya usiku uleule.

Hatua ya 4: Gandisha

Galaxea na Euphyllia nawapa sentimita 20 au zaidi kila upande, kwa kadiri ulivyopima usiku. Acropora kwa Acropora, 8 au 10 zinatosha mwanzoni. Laini linalotambaa, mfano Xenia, liwekee jiwe lake peke yake kwenye mchanga, lisiguse mwamba mkuu. Supaglu ya jeli inashika vizuri hata majini.

Hatua ya 5: Punguza matawi

Kata kwa koleo safi kabla matawi hayajagusana. Zoanthidi, jamaa wa matumbawe wanaofanana na vijiua vilivyotanda juu ya jiwe, ni habari nyingine: baadhi yao wana palitoksini, sumu inayoweza kuua mtu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, na kamwe usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lenye zoanthidi, kwa sababu mvuke wake unadhuru mapafu ya kila aliyemo nyumbani.

Tumbawe likishaumwa, hamisha lililoumia siku hiyo hiyo, uliweke penye mkondo wa wastani. Nyama ikiendelea kuchubuka na kuacha mfupa mweupe, kata sentimita moja ndani ya sehemu nzima na ugandishe kipande hicho mahali papya.