Namna ya Kutoa Kazi ya Nyumbani kwa Simu Bila Kumwacha Asiye na Bando

Kabla hujatuma chochote kwenye kundi la wazazi, jua simu ni ya nani. Usiulize darasani, maana watanyoosha mikono wote. Mimi hugawa vikaratasi visivyosomwa na jirani: simu ni ya nani, hufika nyumbani saa ngapi, bando hununua nani? Swali la pili ndilo zito. Simu ya mama anayerudi saa mbili usiku, chaji imekwisha na watoto watatu wanaigombania, kwenye fomu za shule huandikwa "ipo". Mwaka 2020 UNICEF na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walikadiria kuwa theluthi mbili ya watoto wa miaka 3 hadi 17 duniani, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Simu ya kugombania haimo hata kwenye hesabu hiyo.

Sasa panga kazi kwa kumfuata mwenye kidogo kuliko wote. Video achana nazo, rekodi sauti. Saa nzima ya sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde haifiki megabaiti 15. Video ya saa moja, hata ya ubora wa kati, hula mamia. Maswali yaandike kama ujumbe wa kawaida. Ile PDF ya kurasa ishirini tunayopenda kusambaziana walimu, kwenye kioo kidogo kilichopasuka, ni adhabu tu. Ukilazimika kutuma picha ya ubao, ipige mchana, kata pembeni, kisha ipunguze.

Siku ya kukusanya isiwe kesho yake. Iwe baada ya wikendi, na daftari lipokelewe sawasawa na kilichochapwa. Mapambo hayana alama.

Shule ikiwa na kompyuta moja tu, weka programu ya masomo kama Kolibri au Kiwix. Zote ni za bure, na masomo ukishayapakua mara moja hufunguka bila intaneti. Kwenye zamu, watangulize wasio na simu nyumbani, lakini sababu usiitaje. Bandika ratiba ya majina tu. Mtoto akijua amepangwa kwa umaskini wake, hatakuja.

Vikaratasi virudie kila muhula. Simu huuzwa, huibwa, huangukia ndooni, na hakuna mzazi atakayekuja ofisini kukuarifu.